Seva ya Barua Pepe ya Kwenu Wenyewe: Mambo ya Kujua Kabla ya Kumlipa Fundi



Nimeombwa nizungumze kuhusu uwekaji wa seva ya barua pepe katika kompyuta inayotumia mfumo endeshi wa jamii ya Unix. Kwa desturi mada hii huachiwa mafundi. Leo naileta kwenu ninyi mnaolipa, kwa sababu hasara inapotokea haimwangukii fundi. Humwangukia yule ambaye jina lake limeandikwa juu ya barua.

Chukulieni mfano wa chama cha akiba na mikopo chenye wanachama 300. Kila mwezi mhasibu wake hutuma taarifa za mikopo, hupokea ankara za wauzaji, na huandikiana na benki. Mtu akiweza kutuma barua inayoonekana kuwa imetoka kwa mhasibu huyo, na ndani yake akaweka namba nyingine ya akaunti, fedha za wanachama zaweza kwenda kusikorudika. Kwa taasisi ndogo, barua pepe imekuwa mhuri, daftari na ufunguo wa kasha kwa pamoja.

Jambo langu kuu ni moja, na mengine yote yatalifuata: kumiliki jina ni lazima, kumiliki seva ni hiari. Jina ni lile linalofuata alama ya @ katika anwani yenu, nalo huitwa kikoa. Seva ni kompyuta inayopokea, kutunza na kutuma barua za jina hilo. Seva yaweza kukodishwa, kuhamishwa, hata kuachwa. Jina likiwa mikononi mwa mtu mwingine, kila kitu kimo mikononi mwake.

Tuanze na chanzo cha tatizo. Mwaka 1971 mhandisi Mmarekani Ray Tomlinson alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa mtandao wa ARPANET, akaitumia alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la mashine. Mwaka 1982 Jon Postel alichapisha kanuni za SMTP, ambazo kwa misingi yake ndizo zinazosafirisha barua hadi leo. Wakati huo watumiaji wa mtandao walikuwa wachache, na kanuni hizo hazikumdai mtumaji athibitishe kwamba ni yeye kweli. Hali ilikuwa kama bahasha ya posta: yeyote aweza kuandika jina lolote nyuma yake. Ulinzi tutakaouzungumzia uliongezwa baadaye, na haujiwashi wenyewe. Fundi huuweka, au huuacha.

Kwa nini basi mifumo ya jamii ya Unix? Unix yenyewe ilianzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Leo jamii hiyo inajumuisha FreeBSD na OpenBSD, pamoja na mifumo ya Linux kama Debian na Ubuntu, ambayo iliundwa upya kwa kufuata mwenendo wake. Mifumo hii hupatikana bila ada ya leseni, na programu za barua zinazoendana nayo ni huria vilevile. Postfix, iliyoandikwa na Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998, hufanya kazi ya tarishi: hupokea barua na kuzipeleka. Exim, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1995, hufanya kazi hiyo hiyo. Dovecot, iliyoanzishwa na Timo Sirainen, hutunza masanduku ya barua na kumfungulia kila mtu sanduku lake. Huongezwa pia programu ya kuchuja barua taka.

Angalieni hapa. Fundi akiwatoza fedha za leseni ya Postfix au Debian, muulizeni ni leseni gani, kwa kuwa haipo. Mlipieni kazi yake, maana kazi hiyo ni ya kweli na ina thamani. Lakini jueni kwamba ingawa programu haina bei, uangalizi wake una bei, na bei hiyo hulipwa kila mwezi kwa muda wote seva itakapokuwa hai.

Sasa niyapitie mambo ya kusimamia, kwa utaratibu.

Jambo la kwanza ni jina. Kikoa kinachoishia na .tz husajiliwa kupitia msajili aliyeidhinishwa, na kila usajili huwa na jina la mmiliki. Hakikisheni jina hilo ni la taasisi yenu, wala si la fundi, wala si la katibu aliyekuwepo wakati huo. Anwani ya mawasiliano iliyoandikwa kwa msajili isiwe ndani ya kikoa hicho hicho. Seva ikizimika, hamtaweza kupokea hata taarifa ya kuwaokoa. Tarehe ya kulipia upya iandikwe katika kalenda ya ofisi. Jina lisipolipiwa hukoma, na baada ya muda mwingine anaweza kulisajili na kuanza kupokea barua zilizokusudiwa kwenu.

Jambo la pili ni mahali pa kuiweka seva. Wengi hupenda kuiweka ofisini, chini ya meza, waione kwa macho. Kuna vikwazo vitatu. Umeme ukikatika, seva huzimika. Hilo halipotezi barua papo hapo, kwa maana seva ya mtumaji huihifadhi barua na kujaribu tena, aghalabu kwa muda wa siku 4 hadi 5. Baada ya hapo humrudishia mwenyewe. Kikwazo cha pili ni kwamba watoa huduma wengi wa intaneti hufunga mlango namba 25, ambao seva hutumia kupelekeana barua, kwa wateja wa kawaida, ili kuzuia barua taka. Cha tatu, namba ya IP ya mteja wa kawaida hubadilika mara kwa mara, ilhali seva ya barua huhitaji namba isiyobadilika. Muulizeni mtoa huduma mambo haya mawili, mlango na namba, na mpate jibu kwa maandishi kabla ya kununua mashine. Kwa taasisi nyingi, kukodi seva katika kituo chenye umeme wa uhakika ni nafuu zaidi.

Namba ya IP nayo ina historia. Aliyeitumia kabla yenu huenda alituma barua taka, na namba hiyo ikawa imeorodheshwa katika orodha za kuzuia, kama ile ya Spamhaus. Anayenunua kiwanja huulizia kwanza kama kina mgogoro. Fanyeni hivyo hivyo: fundi aikague namba katika orodha hizo siku ya kwanza, na kama ina doa, mdai nyingine.

Tena namba hiyo iwe na rekodi ya kinyume. Rekodi ya kawaida hugeuza jina la seva kuwa namba; rekodi ya kinyume hugeuza namba kuwa jina, na majibu hayo mawili yapaswa kulingana. Rekodi hii haiwekwi mahali mnapopangia kikoa chenu. Huwekwa na mwenye namba, yaani mtoa huduma aliyewakodishia. Mafundi wengi huihangaikia mahali pasipo pake, na barua za mteja zikaendelea kukataliwa kwa majuma.

Jambo la tatu ni kufunga mlango wa nyuma. Seva ya barua ina kazi mbili tofauti: kupokea barua za watu wenu kutoka popote, na kupeleka barua za watu wenu kwenda popote. Ikikubali kupeleka barua za mtu asiyejulikana kwenda kwa mtu mwingine asiyejulikana, imekuwa daraja la matapeli. Katika Postfix kuna mpangilio uitwao mynetworks unaotaja kompyuta zinazoaminiwa bila kuulizwa. Simu za wafanyakazi zinaposhindwa kutuma barua zikiwa nje ya ofisi, fundi mwenye haraka huupanua mpangilio huo hadi uikubali dunia nzima. Simu hutuma, mteja hufurahi, na matapeli hawachelewi kuligundua daraja hilo. Njia sahihi ni kila mtumiaji kujitambulisha kwa jina na nenosiri kupitia mlango namba 587 au 465, mawasiliano yakiwa yamesimbwa. Kusoma barua nako kupitie mlango namba 993, uliosimbwa vilevile. Cheti cha usimbaji hupatikana bure kutoka Let's Encrypt. Kwa kuwa muda wake ni mfupi, usiozidi siku 90, kipangwe kujihuisha chenyewe.

Jambo la nne ni kuthibitisha kwamba barua ni yenu kweli. Hapa ndipo kasoro ile ya bahasha inapozibwa, kwa rekodi tatu zinazowekwa katika daftari la majina la intaneti, yaani DNS. Ya kwanza, SPF, hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lenu. Ya pili, DKIM, hubeba ufunguo wa umma. Seva yenu huipiga kila barua sahihi kwa ufunguo wa siri, na mpokeaji huikagua sahihi hiyo kwa ule wa umma. Ya tatu, DMARC, humwambia mpokeaji afanye nini barua inayotumia jina lenu isipothibitika: aiache ipite, aitenge, au aikatae, na wapi atume ripoti. Ni busara kuanza kwa kuiacha ipite huku mkisoma ripoti, kisha kukaza hadi kukataa mnapokuwa na hakika kwamba barua zenu zote halali zinathibitika. Wengi huanza na hawakazi. DMARC iliyoachwa katika hatua ya kwanza hutazama tu, haizuii.

Tangu Februari 2024 kampuni za Google na Yahoo zimeyafanya mambo haya kuwa masharti. Kila mtumaji anatakiwa awe na SPF au DKIM pamoja na rekodi ya kinyume iliyo sawa. Anayetuma barua nyingi, ambaye kwa Gmail ni wa takriban 5,000 na zaidi kwa siku, anatakiwa awe na zote tatu. Kwa hiyo seva isiyo na rekodi hizi yaweza kuonekana inatuma vizuri, kumbe barua zinaangukia katika folda ya barua taka au zinakataliwa.

Lakini msizitegemee rekodi hizi kwa lisilo kazi yao. Hazimzuii tapeli kusajili jina linalofanana na lenu, herufi moja ikiwa imegeuzwa tarakimu. Wala hazizuii barua iliyotumwa kutoka sanduku halisi la mhasibu baada ya nenosiri lake kuibwa. Kwa sababu hiyo kanuni ya zamani inabaki: badiliko lolote la namba ya akaunti ya benki lithibitishwe kwa simu, kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa ndani ya barua hiyo.

Jambo la tano ni masahihisho ya programu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwezi Novemba 1988 programu haribifu iliyoandikwa na mwanafunzi Robert Morris ilienea katika kompyuta za Unix zilizounganishwa na mtandao wakati ule, na mojawapo ya njia zake ilikuwa kasoro katika Sendmail, programu ya barua iliyotumika sana. Mwezi Juni 2019 ilitangazwa kasoro kubwa katika Exim, iliyomwezesha mtu wa mbali kuiamuru seva. Masahihisho yalikuwepo, na bado katika muda wa siku chache washambuliaji walikuwa wakizisaka seva ambazo wenyewe hawakuzisahihisha. Debian na Ubuntu zina njia ya kuweka masahihisho ya usalama bila kungoja mtu, idaini iwashwe. Kadhalika kila toleo la mfumo lina ukomo. Toleo la Debian hutunzwa takriban miaka 3, kisha miaka mingine 2 chini ya mpango wa utunzaji wa muda mrefu. Muulizeni fundi toleo alilowawekea litafikia ukomo lini, na nani atalihamisha.

Jambo la sita ni nakala rudufu na funguo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nakala ya masanduku yote itengenezwe kila siku na iwekwe mahali pengine, nje ya mashine hiyo na nje ya jengo hilo. Kisha itengenezwe orodha ya funguo: akaunti ya msajili wa kikoa, akaunti ya DNS, akaunti ya seva iliyokodiwa, akaunti ya mtawala mkuu iitwayo root, na ufunguo wa siri wa DKIM. Orodha hiyo ifungwe ndani ya bahasha, itiwe katika kasha la ofisi, na watu wawili wajue ilipo. Fundi akiondoka, nenosiri zote zibadilishwe siku hiyo hiyo. Hilo si kumdhania vibaya. Humlinda hata yeye, jambo likija kutokea baadaye.

Hapa sheria nayo inahusika. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzilinda taarifa hizo. Barua za wanachama zenye majina, madeni na namba za vitambulisho ni taarifa za aina hiyo. Mkiweka seva yenu wenyewe, mmejitwika na jukumu la kuilinda.

Jambo la saba ni kuhama kwa utulivu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kama mna huduma ya barua sasa, isifungwe siku seva mpya inapowashwa. Rekodi ya MX, inayoiambia dunia barua zenu zipelekwe wapi, hukumbukwa na mashine nyingine kwa muda uliowekwa. Muda huo ufupishwe siku chache kabla ya kuhama, na seva ya zamani iendelee kupokea kwa siku kadhaa baada yake.

Ndugu watumiaji, mtajuaje basi kwamba kazi imekamilika bila ninyi kuwa mafundi? Msilipe malipo ya mwisho kabla ya majaribio haya kufanyika mbele yenu.

1. Tumeni barua kwenye anwani za kampuni mbili tofauti za nje, kisha mwambieni fundi aifungue katika umbo lake la asili, lenye vichwa vyake vyote. Mbele ya SPF, DKIM na DMARC pawepo neno pass, mara tatu.

2. Fundi ajaribu, kutoka mtandao wa nje na bila nenosiri, kutuma barua kupitia seva yenu kwenda kwa mtu asiye wenu. Seva ikatae.

3. Futeni barua moja kwa makusudi, na fundi airudishe kutoka katika nakala rudufu. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa haihesabiwi kuwa nakala.

4. Zimeni mashine na kuiwasha tena. Huduma zote zirejee bila mkono wa mtu.

5. Mtu wa ofisi yenu, kwa kutumia bahasha ile ya funguo peke yake, aingie katika akaunti ya msajili na katika seva. Akishindwa, seva hiyo bado si yenu.

Kama majaribio hayo yamewaogofya, sikilizeni woga wenu, kwani una hekima. Duka lenye anwani 3, au shule ambayo haina mtu wa kuiangalia seva kila juma, litahudumiwa vizuri zaidi na kampuni inayotunza barua kwa ada ya mwezi, jina likiwa lenu na rekodi zile tatu zikiwa zimewekwa. Siku mtakapoona huduma hiyo haiwafai, mtabadilisha rekodi ya MX na kuondoka na jina lenu. Taasisi yenye fundi wa kudumu, yenye sababu ya kutunza barua zake yenyewe, na yenye bajeti ya uangalizi, nayo itafaidika na seva yake kwa miaka mingi.

Lolote mtakalochagua, mapatano yaandikwe: kazi gani itafanyika, nani atatunza seva baada ya kuiweka, kwa bei gani, na funguo zitakabidhiwa lini. Tunzeni stakabadhi. Lalamiko dhidi ya mtoa huduma lianzie kwake mwenyewe, kwa maandishi yenye tarehe. Lisipotatuliwa, lifikisheni kwa mamlaka inayosimamia mawasiliano mkiwa na maandishi hayo mkononi.

Leo hii, kabla ya siku kwisha, kila mmoja wenu aulize ofisini kwake swali moja: kikoa chetu kimesajiliwa kwa jina la nani? Jibu likikosekana, kazi ianzie hapo.